Mama yako alizaliwa kijiji gani? Pasipoti na uraia katika vijiji vya mpakani Kigoma

Mwaka juzi binti wa kaka yangu alipata nafasi ya kusoma India, tena kwa ufadhili. Kwetu upande wa Manyovu, wilayani Buhigwe, mpakani na Burundi, habari hiyo ilifika kila nyumba kabla jua halijazama. Wiki iliyofuata tukaanza kushughulikia pasipoti, na furaha ikaanza kupoa. Hela tulichanga ikatimia. Picha yenye mandhari ya bluu mpauko akaipiga Kigoma mjini. Kilichomkwamisha ni swali moja: mama yako alizaliwa wapi, na cheti chake kiko wapi?

Shemeji yangu alizaliwa mwaka 1968 kwenye kambi ya wakata mkonge mkoani Tanga. Baba yake aliondoka Buha, nchi yetu Waha huku Kigoma, akiwa kijana wa manamba, kama walivyoondoka Waha wengi enzi za mkoloni, akaoa huko, akazaa huko, akarudi na familia alipochoka. Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyemkatia mtoto wa manamba. Kaka yangu naye alizaliwa juu ya kilima ambako leo kuna michikichi miwili na makaburi ya wazee, basi. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kuwapanga katika vijiji vipya, na jina la mahali pale likabaki midomoni mwa wazee tu. Cheti chake cha ubatizo kinataja wilaya ya Kasulu. Kitambulisho chake cha Taifa kinasema Buhigwe, kwa kuwa Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Mtu ni yuleyule na ardhi ni ileile, ila karatasi mbili zinampeleka wilaya mbili.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na sitaki kuliandika kwa hasira. Ukiuliza vijijini kwetu utaambiwa maofisa wanawatesa watu wa Kigoma kwa sababu ya lafudhi na majina yao. Ukiuliza upande wa serikali utaambiwa mpaka ni mpaka. Kila upande umeshika ukweli wake, na ukweli wa upande wa serikali si mdogo.

Mkoa wetu umepokea watu kwa vipindi vingi: Warundi wa mwaka 1972, Warundi wa mwaka 1993, Wakongo waliokimbia vita ya mwaka 1996 ambao ndio walioifungua kambi ya Nyarugusu, kisha Warundi tena mwaka 2015. Mwaka huo wa 2015 kijiji kidogo cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kilifurika watu maelfu kwa maelfu, ikabidi meli ya MV Liemba iwabebe kwa awamu hadi Kigoma mjini. Si wote waliovuka waliokaa kambini. Wapo wa mwaka 1972 waliojijengea vijijini bila kambi, wakalima, wakaoa, wakazika. Mwaka 2014 nchi yetu iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 wa wimbi hilo la 1972, wengi wao wa makazi ya Ulyankulu kule Tabora na ya Katumba na Mishamo upande wa Katavi. Ni jambo la heshima, na nchi chache zimewahi kulifanya kwa ukubwa huo.

Sasa jiweke kwenye kiti cha ofisa wa Uhamiaji. Mbele yake amekaa kijana anayezungumza Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Majina yanafanana ng'ambo na huku. Kijana hana cheti cha mzazi hata kimoja. Akikosea kwa kumpa, pasipoti ya Tanzania imeangukia mkono usiostahili, na zikiwa nyingi za aina hiyo, nchi nyingine zitaanza kuitilia shaka kila pasipoti yetu, ikiwemo ya huyo binti wa Buhigwe. Kwa jinsi sheria ya uraia ya mwaka 1995 inavyotekelezwa, kuzaliwa hapa peke yake hakutoshi, mzazi ndiye anayetazamwa. Ndiyo maana fomu inamuuliza binti kuhusu mama yake.

Hadi hapo nakubaliana na ofisa. Ninapotofautiana naye ni hapa: karatasi anayoitaka haikuwahi kuwepo, na ofisi yake inajua hivyo. Utaratibu wenyewe haujamfungia mlango asiye na cheti, kwa maana hati ya kiapo hupokelewa. Lakini kiapo kikishafika mezani, kinatazamwa kama kitu cha mtu mwenye la kuficha. Kwa mtu wa Moshi aliyezaliwa hospitali ya misheni, kiapo ni dharura ya mara moja. Kwa kijiji cha Buhigwe ndiyo hali ya kila mtu aliyevuka miaka hamsini. Utaratibu mmoja unaotumika kwa watu wote sawasawa unawaangukia wengine kwa uzito zaidi, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Kuna anayejibu kwamba kitambulisho cha Taifa kimeshamaliza hoja, maana Uhamiaji walikuwepo watu walipohojiwa na NIDA, mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo, kwa nini wahojiwe tena? Hoja hii inavutia, nami niliishika kwa muda. Kisha nikakumbuka mambo mawili. NIDA haitoi vitambulisho kwa raia tu, hutoa pia kwa wageni wakaazi na wakimbizi, ingawa kila kundi lina chake. Na ule msukumo wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, ulifanya watu wajazane kwenye foleni za NIDA, na kazi ya haraka ina makosa yake. Kwa hiyo siwezi kusema kitambulisho kimalize kila kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu aliyekwisha kuhojiwa kuhusu bibi na babu yake asianzishwe upya kana kwamba hajawahi kuonekana. Majibu yake ya mwanzo yako wapi?

Jambo linaloniuma zaidi ni uthibitisho wa safari. Mwombaji huombwa aonyeshe kwa nini anasafiri: barua ya chuo, mwaliko, rufaa ya matibabu. Upo upande mzuri wa sharti hili. Kuna mawakala wanaozunguka kutafuta mabinti wa kwenda kufanya kazi za ndani Arabuni, na swali la "unakwenda kwa nani?" limewaokoa baadhi yao. Lakini tazama linavyofanya kazi kijijini. Huwezi kuomba pasipoti kabla hujapata safari. Ukishapata safari, siku zinahesabika. Na kwetu kukusanya viapo, barua ya mtendaji wa kijiji, usahihishaji wa majina na mahojiano ni kazi ya miezi, si wiki. Hivyo mtu anaanza kutafuta nyaraka siku ambayo tayari amechelewa. Yule wakala mbaya, kinyume chake, barua ya mwaliko hamshindi kuitengeneza. Sharti linamkamata mkweli ambaye bado hajaalikwa.

Binti wetu alipata pasipoti yake. Ilitoka masomo yakiwa yameshaanza, na ufadhili ukapewa mwingine. Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Inaruhusu pia sheria kuiwekea haki hiyo mipaka kwa sababu za msingi. Sidhani kama waliotunga ibara ile walikuwa na picha ya haki inayoanza kuhesabiwa siku ya barua ya udahili.

Gharama nazo zisemwe, japo kwa ufupi. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, humo 20,000 ni za fomu. Kwa kaya inayouza maharage kwa debe ni fedha nyingi, ila watu huchanga wakatimiza. Kinachowamaliza ni nenda rudi: nauli ya Kigoma mjini, kulala kwa ndugu, wakili wa kiapo, kurudi tena kwa sababu jina limeandikwa kwa "b" cheti cha shule na kwa "bh" kwenye kitambulisho. Fomu hujazwa mtandaoni, na hilo ni jema kwa mwenye simu nzuri na intaneti. Kijijini linamaanisha stesheneri. Kijana wa stesheneri ndiye anayekujazia, ndiye anayekutolea namba ya malipo, na akikosea herufi moja kosa ni lako. Nimemwona mama akilipia fomu mara ya pili kwa kosa la vidole vya mtu mwingine.

Anayevuka kwenda soko la ng'ambo au kumzika shangazi Burundi hahitaji kitabu cha miaka kumi. Hati ya dharura ya kusafiria inamtosha, na ingekuwa vyema wafanyabiashara wetu wa mawese na dagaa waijue zaidi kuliko njia za panya. Kenya, Uganda na Rwanda tangu mwaka 2014 zinaruhusiana kwa vitambulisho vya Taifa. Sisi hatumo katika mpango huo, na kwa historia niliyoieleza hapo juu naelewa kusitasita kwetu. Lakini India haifikiki kwa hati ya dharura.

Basi nani athibitishe? Jibu langu la mwanzo lilikuwa rahisi: kijiji. Kijiji kinajua nani alizikwa wapi, nani alioa kwa nani, nani alifika mwaka gani na mzigo gani kichwani. Mwenyekiti wa kitongoji na wazee watano wanajua zaidi ya kabati lolote la faili. Nilishikilia jibu hilo mpaka nilipokumbuka mgogoro wa shamba wa jirani yetu. Mahasimu wake walipoona wanashindwa kwenye baraza, walianza kunong'ona kwamba babu yake "si wa hapa". Mnong'ono huo kwetu ni silaha. Hutolewa kwenye kugombea mashamba, hutolewa wakati wa uchaguzi, hata kwenye kukataliana posa. Kijiji kinachojua ndicho hichohicho kinachochukia. Na mtendaji ni binadamu, barua yake inaweza kuwa na bei.

Kwa hiyo siombi barua ya mtendaji ipewe nguvu zaidi. Naomba ushahidi wa kijiji uchukuliwe mapema, hadharani na kwa maandishi. Maofisa wa Uhamiaji, wa NIDA na wa RITA, wakala anayetoa vyeti vya kuzaliwa, wakae kijijini kwa siku kadhaa zilizotangazwa, kama NIDA walivyowahi kukaa. Wazee waitwe kutoka koo tofauti, wasiwe wa ukoo wa mwombaji tu wala wa hasimu wake tu. Kila mmoja aseme anachojua na alijuaje, kiandikwe, kisainiwe, kihifadhiwe, kisiulizwe upya kila mtoto wa nyumba ile anapopata safari. Anayetiliwa shaka apewe shaka hiyo kwa maandishi, ajue anajibu nini na kwa nani. Ofisa atabaki na mamlaka yake ya kukataa, ila atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kusikiliza lafudhi.

Najua itagharimu. Magari, posho, mashine zinazokataa vidole vya wazee waliosuguliwa na jembe na mitambo ya mawese. Lakini gharama ipo hata sasa, isipokuwa inalipwa na wanakijiji, mmoja mmoja, kwa nauli. Na kazi inakuja kuongezeka. Pasipoti za kielektroniki zilizinduliwa mwishoni mwa Januari 2018 na zinadumu miaka kumi. Zile za kwanza zitaanza kuisha mwaka 2028, na nchi nyingi hutaka ibaki miezi sita kabla ya kuisha, kwa hiyo wenye nazo wataanza kuhangaika mapema zaidi. Wakihuisha, watapanga foleni moja na vijana wanaoomba kwa mara ya kwanza.

Kiapo cha shemeji yangu kilitegemea maneno ya mzee mmoja aliyekata mkonge pamoja na baba yake kule Tanga. Anakumbuka kambi, anakumbuka msimamizi, anakumbuka usiku mtoto alipozaliwa kwa sababu mvua ilibomoa paa. Katika kata yetu amebaki peke yake aliyeiona ile kambi. Ana miaka themanini na ushee, na zipo familia nyingine nne zinazomtegemea yeye huyohuyo. Mpaka leo alichoandikiwa ni kile kiapo kimoja tu.