Abiria wanapungua, jengo linapanuliwa

Inanikera sana kuona uwanja wa ndege wa mkoa unapanuliwa jengo la abiria wakati abiria wenyewe wanapungua mwaka hadi mwaka. La zamani halijai! Msafiri hafuati marumaru, anafuata safari za uhakika na nauli anayoimudu. Shirika la ndege likiona viti vitupu linaondoka, hata ulijengee kumbi kumi. Halafu jengo kubwa linakula umeme, viyoyozi, usafi na ulinzi kila siku, na gharama hizo zinarudi kwa abiria haohao kama tozo kwenye tiketi. Kule Hispania, uwanja wa Ciudad Real ulifunguliwa 2008, ukafungwa 2012, kampuni yake ikiwa imefilisika. Kama pesa ipo, punguzeni kwanza ada za kutua, ndege zirudi, ndipo muwaite mafundi.