Dodoma ukiitazama kutoka Xi'an

Watanzania wakikutana ughaibuni, hoja ya Dodoma haichelewi kuzuka. Mmoja atasema balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, kwa hiyo mji mkuu ni Dar. Mwingine atajibu kwamba uamuzi ulipita 1973, Bunge linakaa Dodoma tangu 1996, na sheria ya kuutangaza mji huo makao makuu ilitungwa 2018, basi yamekwisha. Wote wawili wanahesabu ofisi. Anayeishi Xi'an, katika bonde ambalo tawala nyingi za China zimeweka makao yake kwa zaidi ya miaka elfu moja, anajifunza kuhesabu vitu vingine: visima, maghala na mashua. Kwa hesabu hiyo naona tumekuwa tukiipima Dodoma kwa kipimo kisicho chake.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyouhamisha mji huu. Nasaba ya Han iliweka makao yake Chang'an mwaka 202 KK, kaskazini-magharibi mwa Xi'an ya leo. Mji ule uliendelea kukaliwa, utawala huu ukipokea kutoka kwa ule, kwa karibu miaka 800. Ilipofika 582, kaizari Wen wa nasaba ya Sui alipelekewa taarifa kwamba maji ya visimani yamegeuka ya chumvi na hayafai kwa watu. Sababu yake haina fumbo kwa mtu yeyote aliyekulia kwenye mtaa wa visima vifupi na vyoo vya shimo. Uchafu wa vizazi na vizazi ulikuwa umeshuka ardhini, na hapakuwa na njia ya kuutoa. Wen hakuchimba visima vingine palepale. Aliuacha mji mzima na kumpa Yuwen Kai kazi ya kupanga mpya kwenye ardhi iliyoinuka, upande wa kusini-mashariki.

Utaratibu wa ujenzi ule unastahili kuangaliwa. Mistari ya barabara ilichorwa kwanza, eneo lote likiwa kilomita za mraba 84 hivi. Yakafuata majumba ya kifalme na ofisi, na mwaka uliofuata kaizari akahamia. Maji ya kutiririka yaliletwa kwa mifereji mitatu: mmoja kutoka mto Chan ulio mashariki, miwili kutoka mito inayoshuka milima ya Qinling upande wa kusini. Ukuta wa nje uliendelea kujengwa hata baada ya Sui kuanguka na Tang kushika, hadi 654. Yaani ukuta, kitu ambacho mgeni hukipiga picha kwanza, ndicho kilichosubiri kuliko vyote. Mfereji haukusubiri.

Lakini maji yalipopatikana, njaa ikabaki. Chang'an ya Tang ilifikia watu wapatao milioni moja, na bonde la Guanzhong halikuweza kuwalisha. Nafaka ilitoka kusini-mashariki, ng'ambo ya mto Yangtze, ikipanda Mfereji Mkuu hadi karibu na Luoyang. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kati ya Luoyang na Chang'an, Mto Manjano unapita kwenye korongo la Sanmen, ambako miamba iliyosimama katikati ya maji huugawa mkondo, na mashua nyingi zilivunjikia pale. Ndiyo maana Tang walikuwa na miji mikuu miwili, Chang'an magharibi na Luoyang mashariki, na mvua zikikataa kaizari alibeba watumishi wake wote kwenda Luoyang kufuata chakula. Mwaka 709, njaa ilipobana Guanzhong, washauri walimsihi kaizari Zhongzong ahamie huko tena. Alikasirika, akauliza kama kuna kaizari wa kukimbilia nafaka. Walikuwepo, tena waliomtangulia.

Aliyepata dawa ni ofisa Pei Yaoqing, mwaka 733, na dawa yake inafaa kusomwa na kila anayeshughulika na bandari na reli kwetu. Alianza kwa kueleza kwa nini mzigo unachelewa. Mashua za kusini ziliondoka mwanzoni mwa mwaka. Zilipoingia kwenye mfereji zikakuta maji machache, zikakwama. Zilipofika kwenye Mto Manjano, mwezi wa sita au wa saba, zikakuta mto umefurika, zikasubiri mwezi mmoja au miwili. Tena mabaharia wa kusini hawakuujua mto ule, hivyo ikabidi kuwakodi wenyeji wawaongoze. Siku za safari zilikuwa chache, siku za kungoja nyingi, na nafaka ilikuwa ikiharibika na kuibiwa njiani.

Hakuomba mashua kubwa zaidi. Alikata safari vipande. Penye mdomo wa mfereji alijenga ghala. Mashua za kusini zikashusha mzigo hapo na kurudi kwao. Kutoka hapo serikali ilikodi mashua za watu wa mto wenyewe. Kabla ya korongo aliweka ghala, baada ya korongo ghala jingine, na katikati nafaka ikapita nchi kavu kwa njia ya mlimani ya li 18, pungufu kidogo ya kilomita kumi. Kisha ikarudi majini hadi mto Wei na Chang'an. Mto ukiruhusu, mzigo unasonga. Mto ukikataa, mzigo unalala ghalani bila kumzuia aliye nyuma. Kwa miaka mitatu zilipita shi milioni 7 (shi moja ya wakati huo ni kama lita 60), na gharama za uchukuzi zikapungua kwa mafungu 300,000 ya sarafu. Baada ya vita vya katikati ya karne ile, ofisa mwingine, Liu Yan, alifufua mpango huo na kuukaza zaidi: mashua ya Yangtze haiingii mferejini, ya mferejini haiingii Mto Manjano, ya Mto Manjano haiingii Wei. Kila chombo na maji yake, kila nahodha na mkondo anaoujua.

Sasa rudi nyumbani. Meli ikishusha Dar es Salaam, mzigo wa bara ukasubiri kwenye gati ileile, kila kilicho nyuma yake kinasimama. Bandari kavu ya Kwala ni wazo la Pei Yaoqing kabisa: ondoa mzigo mahali penye msongamano, uhifadhi mahali penye nafasi, upakie upya kwa chombo kinachofaa safari ya mbele. Mradi wa namna hii haushindwi kwa ubovu wa reli. Hushindwa pale ghala linapochelewa kujengwa, au pale mzigo unapopokelewa upande mmoja bila upande wa pili kuwa na behewa. Mtu akitaka kujua Dodoma imefikia wapi, asihesabu wizara zilizohamia Mtumba. Aulize mchele, saruji na mafuta vinafika kwa njia ngapi, na njia moja ikikatika vinasimama siku ngapi.

Kwa kipimo hiki mwaka mkubwa wa Dodoma ni 2024, treni ya SGR ilipoanza kufika kutoka Dar. Mwaka 1973 ulikuwa mwaka wa karatasi.

Kaifeng, mji mkuu mwingine wa zamani wa China, nitaigusa tu. Nasaba ya Song, iliyoanza 960, ilifunga shauri la chakula kwa kuweka makao pale mifereji inapokutana. Tumbo likajaa, shingo ikabaki wazi: tambarare tupu, hakuna mlima wala korongo la kujikingia. Kaizari wa kwanza wa Song aliliona, akataka kuhamia Luoyang mwaka 976. Mdogo wake akampinga kwamba usalama wa nchi uko katika uadilifu wa mtawala, si katika milima. Wajurchen, watu wa kaskazini-mashariki, waliuteka mji ule 1127. Mto Manjano nao umeufunika kwa tope mara kadhaa, mbaya zaidi 1642 kingo zilipobomolewa vitani, hata leo miji ya zamani imelala pale chini, mmoja juu ya mwingine.

Anayesema Dodoma imechelewa mno asome habari za Beijing. Yongle, kaizari wa nasaba ya Ming, aliupandisha hadhi mji ule 1403, ujenzi wa kasri ukaamriwa 1406, makao yakahama rasmi kutoka Nanjing 1421. Katikati ya miaka hiyo lilifanyika jambo ambalo wageni wa Mji Uliokatazwa, yaani kasri hilo, hawaelezwi. Kuanzia 1411 waziri wa ujenzi Song Li alifufua sehemu ya Mfereji Mkuu iliyokuwa imekauka huko Shandong. Tatizo lilikuwa mgongo wa ardhi: mfereji unapanda kilima kisha unashuka, na juu hakuna maji. Mzee mmoja wa kijijini, Bai Ying, alimwonyesha mahali. Wakauziba mto Wen penye kijiji cha Dai, wakayapeleka maji hadi Nanwang, kilele cha mfereji, na hapo wakayagawa, sehemu kubwa kaskazini na ndogo kusini, yakishuka kwa malango 38. Kufikia 1415, mwaka uleule ambao Malindi walimpelekea Yongle twiga, nafaka ya Beijing iliacha kupita baharini. Miaka sita baadaye ndipo mji ukahama. Tumbo lilitangulia, kiti cha enzi kikafuata.

Na hata hivyo haukutulia. Majira ya kuchipua ya 1421 radi iliteketeza kumbi tatu kuu zilizokuwa mpya kabisa, na waliokuwa wakipinga kuhama wakapata la kusema. Yongle alipokufa, mwanawe aliamuru 1425 makao yarudi Nanjing, naye akafa mwaka huohuo kabla ya kuhama. Amri haikutekelezwa wala haikufutwa. Kwa miaka 16 ofisi za Beijing zilibeba kwenye mihuri neno la kuonyesha kwamba ni makao ya muda, mpaka lilipoondolewa 1441. Nanjing ikabaki na wizara zake sita na mawaziri wake, kazi nyingi zikiwa kivuli, hadi mwisho wa nasaba ya Ming. Sisi wenye rais wa Chamwino na mabalozi wa Oysterbay si wa kwanza kuishi na miji miwili, na ndugu zetu wa Burundi, waliogawanya kazi kati ya Gitega na Bujumbura, wanalijua hili vizuri.

Nanjing ina kitu kimoja ninachokitamani sana kwetu. Ukuta wake wa karne ya 14, wenye urefu wa kilomita 35 hivi na ambao kilomita zipatazo 25 bado zimesimama, ulijengwa kwa matofali yaliyotozwa wilaya za kandokando ya Yangtze. Tofali moja lina urefu wa sentimita 40 hivi na uzito wa kilo kama 20. Mengi yana maandishi ubavuni: wilaya, ofisa msimamizi, kiongozi wa kaya, mchomaji na mfyatuaji. Tofali likipasuka, linasomwa, na mwenyewe anajulikana. Barabara zetu za mitaa zinafumuka msimu wa kwanza wa masika na hakuna wa kumsoma. Kibao cha mradi hung'olewa siku ya makabidhiano, na jina la mkandarasi linaondoka nacho.

Lakini si kila cha Chang'an ni cha kuigwa, na hapa nyumbani tunawashinda. Mji ule uligawanywa mitaa 108 yenye kuta na malango, na barabara kuu ilikuwa na upana wa mita 150 hivi. Jioni ngoma zilipigwa, malango yakafungwa, na aliyekamatwa barabarani usiku bila ruhusa alichapwa viboko 20. Biashara ilibanwa kwenye masoko mawili, la Mashariki na la Magharibi. Kaifeng ndiyo iliyoachia watu wafungue maduka kando ya barabara na kuuza usiku, na ikatajirika. Mama ntilie wa Dodoma anayekaanga chipsi saa nne usiku anafanya jambo ambalo Chang'an ilichukua karne kulikubali. Wapangaji wenye ramani za mistari iliyonyooka wasimsukume pembeni kwa jina la usafi wa makao makuu. Mji uliopangwa kwa ajili ya maofisa peke yao hulala njaa pamoja na maofisa wake.

Linalonipa wasiwasi ni maji. Sensa ya 2022 iliikuta Dodoma Jiji na watu zaidi ya 760,000, na maji yake makuu bado yanatoka visima virefu vya Mzakwe. Bwawa la Farkwa na bomba la Ziwa Victoria vimezungumzwa miaka mingi. Beijing hupokea maji ya bwawa la Danjiangkou tangu Desemba 2014, zaidi ya kilomita 1,200, karibu njia yote yakiteremka yenyewe. Umbali wa Victoria hadi Dodoma ni kama nusu ya huo, ila ziwa na mji viko kwenye kimo kinachokaribiana, na kati yake kuna nyanda za Singida zilizo juu zaidi. Maji hayo lazima yasukumwe kwa pampu, na pampu zinakula umeme kila siku ya Mungu. Gharama hiyo iwekwe mezani sasa, isije kugunduliwa bomba likishalazwa.

Kutegemea visima peke yake kunafikisha wapi, Xi'an wanapaona kwa macho. Mji ulipokua katika karne ya 20, walivuta maji ya chini ya ardhi kupita kiasi. Ardhi ikadidimia, nyufa ndefu zikapita chini ya majengo, na mnara wa Dayan, uliojengwa 652 na wenye urefu wa mita 64 hivi, ukaelemea kaskazini-magharibi. Kufikia 1996 ulikuwa umeinama zaidi ya mita moja. Ndipo visima vikafungwa kimojakimoja na maji ya mto Hei kutoka Qinling yakachukua nafasi yake. Tangu hapo mnara unajinyoosha, milimita kama moja kwa mwaka.