Kadi Namba 0+1+1+1

Harusi za Dar na wazamiaji ni pete na kidole, kwa hiyo kamati yetu ikaamua kila kadi iwe na namba, na mimi nikae mlangoni na orodha na kalamu nyekundu. Kazi ya namba akapewa kijana wa mwenyekiti, mtu wa Linux, ambaye kufungua Excel anaona ni kujishusha hadhi. Akaandika skripti ya Bash, lugha ya kuipa kompyuta ya Linux amri, yenye kitanzi cha kurudia kazi ileile: namba aliyoiita i ianzie 0, halafu kwa kila jina, i=$i+1.

Mwenyekiti alionyeshwa kadi ya kwanza tu: "0+1". Akaridhika. Alidhani maana yake ni mgeni asiye na mwenza.

Sasa njoo mlangoni Jumamosi usiku. Mzee mmoja ananikabidhi 0+1+1+1+1+1+1. "Mwanangu, hii namba au mtihani?" Nahesabu kwa ncha ya kalamu: sita. Tiki. Anayefuata ana mistari miwili ya +1, foleni imefika barabarani, na kila nikisalimiwa hesabu inapotea naanza upya. Kuna mama, hizo +1 zilisukuma neno DOUBLE mpaka likakatwa na mkasi wa mchapaji. Sheria ni sheria. Mumewe na suti yake mpya akabaki nje na bodaboda.

Kijana alipoitwa hata jasho halikumtoka. Eti Bash ikiona i=$i+1 haijumlishi, inabandika maandishi tu; ukitaka hesabu uandike i=$((i+1)). "Mashine imetii, anko."

Tukayamaliza. Ikaja siku ya kuvunja kamati, mwenyekiti akataka namba zianze na sifuri, 01, 02, zionekane za kiofisi. Kijana akaandika i=0$((i+1)). Zikatoka vizuri mpaka 08, kisha Bash ikagoma kuongeza moja juu yake, maana namba yenye sifuri mbele huisoma kwa mfumo wa nane, na humo tarakimu 8 na 9 hazipo kabisa. Sifuri ilikuwa ya kuvalishwa wakati wa kuchapa tu, kwa amri ya printf '%02d'. Ujumbe wa kosa ulikuwepo kwenye skrini, nani asome? Akasambaza kadi zilizotoka.

Watu wanane, mbuzi wawili. Wa tisa kwenye orodha alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Akafika na shati lake la kitenge, ananukia marashi, anataka kupita.

"Wewe, hunijui mimi?"

"Nakujua sana, mzee. Kadi?"