Maembe na machungwa ubaoni

Rahisisha: 5e + 3c − 2e + 4c. Mwalimu anageukia darasa: "e ni embe, c ni chungwa. Una maembe matano, umekula mawili. Yamebaki mangapi?" Matatu! Machungwa saba! Jibu ni 3e + 7c, na kengele bado haijalia. (Herufi inachukuliwa kwenye umoja, maana kwa wingi yote yanaanza na m.)

Kwa darasa la wanafunzi sabini, sioni aibu katika njia hiyo. Mtoto anaona mara moja kwamba vya aina moja hukaa pamoja, na swali la mtihani analipata.

Shida inaanza na 3e + 2c. Kiswahili chenyewe kinamtega mtoto: maembe matatu na machungwa mawili ni matunda matano, nani atabisha? Basi anaandika 5ec, na kwa hesabu ya sokoni hajakosea. Halafu inakuja e². Embe mara embe ni nini? Katika utafiti wake Uingereza, Dietmar Küchemann alieleza mwaka 1981 aina hii ya kosa: mwanafunzi anaichukua herufi kama kitu, wakati herufi ni namba.

Hata hivyo kusema vitu havina nafasi kabisa ni kutia chumvi. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, karne ya 9, aliiita namba isiyojulikana shay', yaani kitu, na kipeo chake cha pili akakiita mal, neno lilelile lililotupa mali. Ila kitu chake kilikuwa na kiasi. Kilijumlishwa na kuzidishwa kama namba yoyote.

Kwa hiyo mimi ningebaki na maembe, ila e iwe bei ya embe moja. Embe likiwa shilingi 500 na chungwa 200, 3e + 2c ni shilingi 1,900. Na ile 5ec? Ni 5 × 500 × 200, laki tano. Mtoto anajisahihisha mwenyewe, bila kiboko.

Njia hii nayo ina gharama. Inakula muda, na wapo watakaokariri kwamba e ni 500 siku zote, kwa hiyo bei lazima zibadilishwe. Pia mwalimu aiepuke 1: e na c zikiwa 1, 3e + 2c inatoa 5, na 5ec inatoa 5, kosa linapita likiwa limevaa suti. Aweke 300 na 100. Upande mmoja 1,100, upande wa pili 150,000. Atakayeendelea kubisha aulizwe ni genge gani linalouza matunda matano kwa bei hiyo.