Nilisema Litoe, Sikusema Mtoe

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa daktari wa meno. Shavu la kushoto lilikuwa limekufa ganzi, sasa limefufuka kwa hasira. Jino nililokwenda kung'oa bado limo mdomoni, limetulia kama mwenye nyumba. Msinipe pole mimi. Wapeni pole wale watu wawili, halafu wakawa watatu, waliokuwa wanabishana juu ya kichwa changu kama Arsène Wenger, yule Mfaransa aliyekuwa kocha wa Arsenal, alipaswa kuondoka mapema au la.

Ndiyo, Wenger. Huyo huyo aliyetangaza kuondoka Aprili 2018. Mtu keshaaga, keshapigiwa makofi, keshapata kazi nyingine FIFA, na watu bado wanagombana aende au abaki. Sijaona binadamu mwingine anayefukuzwa kazi aliyokwisha kuiacha.

Mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu. Sibishani na watu ovyo. Wiki nzima nimeshinda nimeshika shavu kama anayesikiliza redio, na kila aliyeniona alikuwa na ushauri. Shemeji kasema livumilie. Jirani kasema ng'oa leo leo. Kundi la ukoo kwenye simu limegawanyika pande mbili, na mjomba amejitoa kwa hasira, hajarudi mpaka sasa. Nikasema basi, niende kwa mtaalamu, mtu aliyesoma, nimalizane na habari hii.

Kosa langu ni fulana. Nilivaa koti nikafunga zipu mpaka shingoni, kwa sababu ndani nilikuwa na ile jezi nyekundu ya zamani ya Arsenal, namba 14 mgongoni, rangi imefifia mpaka inaelekea waridi. Daktari kanilaza kwenye kiti, kanichoma sindano mbili za ganzi, kasema, "Tusubiri kidogo ishike." Kisha kataka kunifunga kile kitambaa cha kifuani, akaomba nifungue zipu. Zipu imekwama. Nimevuta, yeye kavuta, nesi kaja kuvuta. Ilipofunguka, jezi ikaonekana, na hapo ndipo matibabu yangu yalipoishia.

"Ahaa! Kumbe kaka ni mwenzetu," kasema daktari, macho yanang'aa juu ya barakoa. "Hebu niambie ukweli wako. Mzee alikaa mno, hakukaa mno?"

Nikataka kujibu. Ulimi hauko. Nimeutafuta mdomoni kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Kilichotoka ni "Aaah."

"Umesikia?" kamgeukia nesi. "Hata mgonjwa anasema alikaa mno."

"Mgonjwa amesema aah," kajibu nesi, bila kuondoa ule mpira wa kunyonya mate mdomoni mwangu. "Daktari, wewe humpendi tu yule mzee. Mtu amekuja mwaka 1996 kutoka Japani, magazeti yanauliza huyu nani, akachukua ubingwa mwaka 1998, akachukua 2002, akachukua 2004 bila kufungwa hata mechi moja. Mechi 38! Kashinda 26, sare 12. Nani mwingine amefanya hivyo katika Ligi Kuu ya Uingereza?"

"Baada ya 2004 je, ubingwa uko wapi?"

Nesi kanyamaza kidogo. Mpira ukanyonya ndani ya shavu langu ukashika. Nikapiga kelele.

"Unaona?" kasema daktari. "Swali hilo linamuuma hata yeye."

Sasa nieleze kitu kimoja, maana pale sikupewa nafasi. Katika habari hii mimi nina historia. Mimi nilikuwa wa aondoke. Tena aondoke wa wazi. Tulipopigwa 8-2 Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United, Agosti 2011 nilisema aondoke. Tulipopigwa 6-0 na Chelsea Machi 2014, siku ambayo mzee anatimiza mechi ya 1,000, nilisema aondoke kabla ya keki. Bayern walipotufunga tano kwao, wakaja kutufunga tano kwetu, nilisema aondoke na mimi niondoke. Lakini miezi miwili baada ya ile sita ya Chelsea, tukiwa nyuma 2-0 na Hull kwenye fainali ya Kombe la FA, tukarudi tukashinda 3-2, ukame wa makombe wa miaka tisa ukaisha, mimi huyu huyu nilikuwa juu ya meza naimba jina lake. Niliteremshwa na mke wangu. Kwa hiyo mtu akiniuliza msimamo wangu, inategemea ameniuliza siku gani.

Daktari yeye ana msimamo mmoja, na kaushika kwa mkono ule ule ulioshika koleo. "Angeondoka pale pale," kasema, koleo linapita mbele ya pua yangu. "Mei 2014, kombe mkononi, watu wanalia kwa furaha. Anapunga mkono, anakwenda. Lakini wapi! Aliyekaa sana hajui mlango uko wapi."

"Nani aliyebeba deni la uwanja?" Nesi kaanza kupanda sauti. "Mmetoka Highbury watu 38,000, mkaingia Emirates watu zaidi ya 60,000, mwaka 2006. Nani aliyebaki akikuza vijana wanauzwa? Henry kauzwa. Fàbregas kauzwa. Nasri kauzwa. Van Persie kauzwa, tena kapelekwa kule kule kwa wapinzani. Na bado misimu 20 mfululizo hajatoka kwenye nne bora. Ishirini! Wewe daktari umefanya nini mara 20 mfululizo?"

Nilitaka kumwambia ninachojua: hata kuniangalia jino hajafanya mara moja.

Kumbe mlango haukufungwa vizuri. Akachungulia mgonjwa mwingine kutoka foleni, shavu limevimba upande mmoja kama ameficha mpira wa tenisi. "Samahani," kasema kwa shida, "nimesikia mnataja Old Trafford." Akaingia. Hakuna aliyemwuliza namba yake ya foleni. Kavuta kiti, kaketi karibu na miguu yangu, akaanza kutoa mhadhara kwa nusu ya mdomo.

Kwao Manchester United, kasema, somo hili walilimaliza zamani. Kocha wao Sir Alex Ferguson aliingia 1986, na kufikia 1989 shabiki alikwisha kupandisha bango la kumuaga, kwamba miaka mitatu ya visingizio imetosha. Wangemsikiliza yule shabiki wangepata wapi makombe yote yale? Na alipoondoka mwenyewe mwaka 2013, wakamleta David Moyes, wakampa mkataba wa miaka sita, na haikufika hata mwaka mmoja wakamfukuza. "Mzee akiondoka," kasema huku akishika shavu, "hamjui mnachokaribisha."

"Ndiyo!" kasema nesi.

"Hapana!" kasema daktari. "Hiyo ndiyo hoja yangu! Mkikaa na mtu mmoja mno, mnasahau kuandaa mwingine!"

Nikaangalia dari. Dari lina doa la maji lenye umbo la Ulaya. Nikawaza ile Machi ya 2017, tumepigwa 3-1 na West Brom, na juu ya uwanja zinapita ndege mbili. Moja inavuta bango la kutaka mzee asipewe mkataba. Nyingine inavuta bango la kumtetea. Ndege! Watu wamechanga, wamekodi rubani, wamelipia mafuta, ili wabishane angani. Na Novemba mwaka huo huo, wananchi wa Zimbabwe wameingia barabarani Harare kumtaka Mugabe aachie ngazi, na katikati ya mabango ya ukombozi limo moja linalomtaka Wenger aondoke. Mwenye bango kaona safari ni moja, kwa nini atoke nyumbani mara mbili. Mugabe akajiuzulu siku chache baadaye. Wenger akamaliza msimu.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu. Kitu kidogo, kwa mbali, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya tatu. Ganzi inaondoka.

Nikainua mkono. Daktari kadhani naomba nafasi ya kuchangia. "Subiri kaka, tumalize hoja ya Guy Roux." Wamefika kwa Guy Roux! Yule kocha Mfaransa wa Auxerre aliyekaa na klabu moja zaidi ya miaka 40, kuanzia 1961. Mimi nina gego linalogonga kwa mdundo wa ngoma, wao wako Auxerre.

Nikavumilia. Nikavumilia tena. Halafu sikuvumilia. Nikakusanya ulimi wangu wote, pamoja na sehemu zake ambazo bado zimelala, nikapiga kelele: "LITOE!"

Yaani jino. Litoe jino. Lakini mwenye mdomo wa ganzi hana herufi za kuchagua. Kwa ulimi wangu ule, "litoe" na "mtoe" ni mapacha.

Daktari karusha mikono yote miwili juu. "Mtoe! Umesikia? Mtoe! Kura yangu na ya mgonjwa, mbili!"

"Mgonjwa hana akili timamu, amechomwa sindano," kasema nesi.

"Na mimi kura yangu mnaihesabu wapi?" kauliza wa shavu.

"Wewe si mwanachama."

"LITOE! LI! LI!" nikapiga tena, nikionyesha kidole mdomoni. Wa shavu kaniangalia kwa huruma, kaniambia, "Tulia ndugu yangu, hata sisi yalitupata."

Mtu ana jino! Mtu hajalala wiki nzima, ameomba ruhusa kazini, amekaa foleni tangu asubuhi na tumbo tupu, amechomwa sindano mbili, na watu watatu waliosoma wanapiga kura juu ya Wenger ambaye wakati huo huo, nina hakika, yuko mahali ametulia na meno yake yote!

Daktari akashtuka kidogo, nadhani aliona machozi. Kavaa glavu mpya. Kawasha taa. Kagonga gego kwa kile chuma chake, na mimi nikaruka mpaka wa shavu akashika miguu yangu. "Ah," kasema. "Ganzi imekwisha." Kaangalia saa, kaangalia foleni, kaangalia ile picha ya jino ukutani. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya upole, ya busara, ya mtu anayejua thamani ya uvumilivu.

"Unajua kaka, jino hili limekaa na wewe miaka mingi. Limekufanyia kazi kubwa. Mimi sipendi haraka ya kung'oa. Tulipe nafasi. Nitakuandikia dawa, urudi baada ya wiki mbili, tulitazame upya."

Nikamwangalia. Yeye! Wa Mei 2014! Wa aliyekaa sana hajui mlango uko wapi! Nesi kageuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Nilikuwa na jibu zuri sana, la mistari minne, na nilipofungua mdomo likatoka "Aaah."

"Unaona, anakubali," kasema daktari, akaandika tarehe.

Kwa hiyo gego langu limeongezewa mkataba. Mzee naye walimwongezea Mei 2017, siku chache tu baada ya kuwafunga Chelsea 2-1 na kubeba kombe lake la saba la FA, miaka miwili, akatumikia mmoja. Na siku aliyotangaza kwamba anaondoka, mimi wa aondoke, niliyeomba miaka saba, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu mkononi, sikumpigia mtu. Mtoto akaniuliza, baba, si ulikuwa unataka? Nikamwambia nenda kasome.

Nikatoka. Wa shavu amekwisha kulala kwenye kiti changu, daktari anamuuliza habari za Mourinho, kocha wao mwingine wa zamani. Nikasimama kwenye korido nifunge koti, maana nje kuna upepo na jino halitaki upepo. Zipu imegoma. Nimeinama, nimevuta juu, imekataa, nimevuta chini, imekataa, nimeiangalia kwa hasira kana kwamba ina akili. Nesi katoka na faili, kasimama, kaniangalia muda mrefu na lile koti langu refu.

"Yaani kama Wenger kabisa na zipu ya koti lake," kasema, na macho yake yamejaa maji.