Rudi Nyuma Hatua Kumi

Mikasa mingi inayotupata sisi wapiga picha wa ridhaa hapa Nairobi, tukiwa msituni au mbugani, ina chanzo kimoja, nacho si kamera mbovu wala bahati mbaya. Ni kusogea. Tunamsogelea kima, tunausogelea mto, tunakisogelea kiota, jicho limeganda kwenye kamera, na kilichoko miguuni au mgongoni hatukioni mpaka kitupate.

Kinachotusukuma kinaeleweka. Wengi wetu tulianza na simu, au na ile lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55. Inafaa sana kwa harusi ya binamu na kwa mandhari ya Vilima vya Ngong, lakini mwelekezee mbega aliye juu ya mti kule Msitu wa Karura, utapata kidoa cheusi na cheupe katikati ya majani. Lenzi ya milimita 400, inayovuta kilicho mbali, inaweza kugharimu kama pikipiki mpya ya bodaboda. Basi mtu anaamua kwamba asichoweza kukivuta kwa lenzi atakifuata kwa miguu.

Tuanze na siafu. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, misafara yao hukatiza njia za misitu yetu. Anayetazama anapokanyaga huuona ule utepe mweusi unaotembea, akauruka na kuendelea na safari. Anayemfuata ndege polepole huku akichungulia kwenye kamera husimama juu yake, na siafu hupanda kimya. Wanapoanza kuuma wameshafika kiunoni. Nimemwona mwenzetu akiiachilia kamera ianguke kwenye mawe ili apate mikono miwili ya kujikung'uta, na simlaumu hata kidogo, kwa sababu maumivu yale hayampi mtu nafasi ya kufikiri. Lenzi yake ilipasuka.

Kando ya mito kuna thabai, ambayo ukiigusa kwa goti ukichutama utawashwa hadi jioni. Halafu kuna kile kidudu chembamba chekundu na cheusi kinachoitwa Nairobi fly, ambacho huzidi sana mvua zikiwa nyingi. Hakiumi wala hakidungi. Sumu imo mwilini mwake, na hutoka pale unapokisaga juu ya ngozi yako. Sasa fikiria mpiga picha aliyelala kifudifudi kwenye nyasi akitafuta picha ya ua dogo, ahisi kitu shingoni, akipangushe kwa kiganja, kisha apikiche jicho kwa mkono uleule. Malengelenge huja baadaye, wakati ameshasahau kabisa alichokigusa. Kipeperushe kwa pumzi, usikisage, na osha mahali hapo kwa sabuni mara moja.

Mikasa hiyo inamwumiza mtu, naye atapona. Inayonikosesha amani ni ile inayomwangukia mnyama.

Nenda City Park, Parklands, Jumapili yoyote, uwatazame kima. Wamezoea kulishwa ndizi na karanga na wageni kwa miaka mingi, na sasa chakula kimekuwa chambo cha picha. Mtu ananyoosha ndizi kwa mkono mmoja, simu kwa mkono wa pili, kima anampanda begani, na hapo anapiga ile picha inayosifiwa na marafiki. Nilikuwa karibu siku kijana mmoja alipofanya hivyo. Wakati anamtazama yule wa begani, mwingine alitokea nyuma, akafungua mfuko wa kamera kwa ustadi wa ajabu, na kibweta cha kadi za kumbukumbu kikapelekwa juu ya mti. Kijana alipojaribu kumshika wa begani alikwaruzwa mkononi. Watu waliokuwepo waliwalaani kima. Hakuna aliyeilaani ndizi.

Jeraha la kima, hata dogo, si la kufungwa leso na kusahaulika. Lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo apimwe hatari ya kichaa cha mbwa na maambukizi mengine. Hilo kila anayebeba kamera analazimika kulijua. Lakini nakumbuka zaidi maneno ya askari wa msitu mmoja hapa jijini, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliyemkuta mama mmoja akimnyooshea kima biskuti ili binti yake apige picha.

"Dada, huyo ukimpa leo, kesho atamnyang'anya mtoto," alimwambia.

"Lakini afande, ni moja tu."

"Kila anayekuja hapa huleta moja tu, dada."

Na kima akishazoea kunyang'anya, hatavumiliwa milele. Majirani watapeleka malalamiko, atawekewa mitego, atapigwa mawe. Kile tunachokiita ukali wake tulimfundisha sisi, kwa ajili ya picha.

Viota ndivyo vinavyonitia hasira kuliko vyote. Shore, ndege wa kawaida kabisa ambaye kila mtu wa Nairobi amemsikia asubuhi hata kama hamjui kwa jina, hujenga kiota chake mara nyingi kwenye kichaka cha chini, mahali ambapo mkono wa mtu unafika. Majani yanayokizunguka ndiyo ukuta wake na ndiyo kivuli chake. Mpiga picha anakuja, anaona majani yanaziba, anayakunja, au anakata tawi moja, kisha la pili. Anapata makinda matatu yenye midomo wazi, picha safi isiyo na kizuizi. Akiondoka, kunguru naye anaona kila kitu bila kizuizi. Jua la saa sita nalo linawaangukia makinda wasio na manyoya. Mwenye picha hatarudi kesho kuona kilichotokea, na waliompongeza hawatajua.

Kuna pia mtindo wa kucheza sauti za ndege kwenye simu ili dume atokee. Hutokea kweli, lakini hutokea kwa sababu anaamini mpinzani ameingia katika himaya yake. Anaacha kula, anaacha kulinda, anahangaika kutafuta adui ambaye yuko ndani ya mfuko wa suruali. Mtu mmoja akifanya hivyo mara moja, labda ndege atasahau. Katika msitu wa mjini kama Karura, wenye hekta zipatazo 1,000 na umati wa watu kila wikendi, si mtu mmoja wala si mara moja. Msitu ule uliokolewa kwa gharama. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakipinga unyakuzi wa ardhi yake. Siwezi kukubali kwamba waliumizwa ili sisi tuje kukata matawi ya viota.

Kuhusu mto, maneno machache. Wanaotaka maji ya maporomoko ya Karura yaonekane laini kama hariri huacha kamera wazi kwa nusu sekunde au zaidi, kwa hiyo husimamisha stendi ya miguu mitatu kwenye mawe, mara nyingi katikati ya maji. Mawe yale yana utelezi, na maji hutoka upande wa Kiambu. Mvua inaweza kunyesha huko wakati hapa kuna jua, na mto ukapanda. Ngong tatizo ni upepo. Mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa pale kwa kubahatisha, kwa hiyo ning'iniza begi kwenye stendi yako au uishike. Mlimani usiende peke yako na kamera shingoni, nenda na kundi na walinzi. Na asubuhi za Julai, ukitoka kwenye baridi ukaingia matatu iliyojaa pumzi za watu, lenzi itafunga ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu.

Sasa mbugani. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 117. Sheria yake ni kubaki ndani ya gari isipokuwa katika sehemu zilizoruhusiwa, na kufuata barabara. Mwenye lenzi fupi akimwona simba mita mia moja kutoka barabarani humsihi dereva akate nyasini kidogo tu. Mvua ikiwa imenyesha, udongo ule mweusi hunata na kushika magurudumu mpaka ekseli. Gari linakwama, simba anaamka na kuondoka, na kila aliyekuwa ndani anasubiri kuvutwa. Nyasi zilizokanyagwa hubaki na alama za matairi, na dereva wa kesho huzifuata akidhani ni njia.

Simba yule, pale alipokuwa, alikuwa ndani ya picha ambayo huwezi kuipiga Maasai Mara wala Serengeti. Nyuma yake kulikuwa na majengo ya mtaa wa Upper Hill jijini, na ukigeuka kuna daraja la reli ya SGR, takriban kilomita 6 za nguzo zinazokatiza mbuga, na twiga hupita chini yake. Hapa lenzi fupi ndiyo lenzi sahihi. Mbuga hii ina uzio pande tatu na iko wazi upande wa kusini tu, ng'ambo ya Mto Mbagathi, ambako wanyama wamekuwa wakitoka na kuingia kufuata malisho tangu kabla ya kuwapo jiji, na upande huo wa Kitengela umejaa nyumba, kuta na nyaya mwaka baada ya mwaka. Picha ya uso wa simba inaweza kuwa imepigwa popote, hata kwenye kizimba. Picha ya simba mdogo chini ya fremu, na maghorofa juu yake, inamwambia mtazamaji mnyama huyu anaishi wapi na amebakiwa na nini. Tunazihitaji picha hizo, nyingi, kutoka kwa watu wa kawaida wanaokwenda pale mara kwa mara.

Najua jibu nitakalopewa: picha ya mbali haipendwi mitandaoni. Ni kweli, na ndiyo sababu naandika. Lakini hata anayetaka ukaribu anaweza kuupata bila kumsogelea yeyote. Tafuta shubiri iliyochanua, keti chini umbali wa kutosha, jua likiwa mgongoni kwako, na utulie. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hurudi kwenye maua yaleyale tena na tena, na asipokuona ukitikisika atakuja mwenyewe. Fanya hivyo mapema. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, na ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali. Mbingu zikiwa nyeupe kwa mawingu, ongeza mwanga wa picha kidogo, la sivyo ndege atatoka kama kivuli.

Anayetaka kujifunza kutulia namna hiyo ajiunge na matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoandaliwa na shirika la uhifadhi la Nature Kenya, ambayo hukutania Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Wengi mle hubeba darubini tu. Wanasimama mbali, wanasikiliza, na wanajua ndege atatokea tawi gani kabla hajatokea. Nimejifunza upigaji picha zaidi kwa watu hao wasio na kamera kuliko kwa wauzaji wa lenzi.

Kwenye kundi letu la wapiga picha nimependekeza mambo mawili: picha yoyote ya kiota isipokelewe, na kila anayeleta picha ya mnyama aandike alikuwa umbali gani na kama alitumia chakula au sauti. Baadhi wamekubali. Wengine wanasema nawabana watu waliokuja kujifurahisha wikendi. Tumepanga kulijadili mwezi ujao, ana kwa ana, na nitakwenda na picha za kichaka kimoja chenye kiota cha shore, kabla ya matawi kukatwa na baada ya kukatwa.