Daftari la Mandazi

Sanduku la maoni la kazini kwetu lilipigiliwa ukutani mwaka 2019, mwaka ule ule nilioajiriwa. Limepakwa rangi ya samawati, lina kufuli ya shaba, na liko chini kabisa ya kamera ya ulinzi. Ukitaka kutoa maoni bila kujulikana, sharti kwanza uikodolee macho kamera ndipo utumbukize karatasi. Watu walitumbukiza hivyo hivyo. Ufunguo alikuwa nao dada mmoja wa ofisini aliyekwenda zake Qatar kutafuta maisha, na hakuna aliyeulizia ulipo.

Kazi yenyewe ni ya ghala, Eneo la Viwanda, Nairobi, kule nyuma ya Enterprise Road. Mimi ni karani, naandika kinachoingia na kinachotoka. Asubuhi natoka Umoja kwa matatu, nashuka City Stadium, nashika Lusaka Road kwa miguu nikiruka madimbwi hadi langoni.

Mkubwa wetu si mtu mbaya, ila hasemi na mtu. Akiwa na neno anabandika tangazo, au anatuma kwenye kundi la WhatsApp ambalo amelifunga ili aandike yeye peke yake. Mlangoni kwake kuna karatasi isemayo: "Mlango huu uko wazi kwa kila mfanyakazi." Imebandikwa upande wa nje, kwa hiyo huwezi kuisoma mpaka mlango uwe umefungwa. Sote tunaijua kwa moyo.

Basi mwaka jana akatuletea mshauri kutoka Westlands aje atufundishe mawasiliano. Kijana nadhifu, viatu vya ncha, kompyuta nyembamba kama chapati ya mwisho wa mwezi. Alituonyesha mishale mingi ukutani, mingine inapanda, mingine inashuka. Saa nne, akielekea msalani, akaliona sanduku.

"Hili lilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Tukatazamana.

Akasema lifunguliwe leo hii, mbele ya watu wote, na kila kilichomo kisomwe kwa sauti. Mkubwa akakubali shingo upande. Soja wa lango akaja na nyundo, na kwa furaha aliyoligonga nayo nadhani alikuwa na lake moyoni. Msomaji nikateuliwa mimi, kwa kosa la kusoma matangazo kanisani.

Tukakusanyika uani. Watu wamekalia makreti, mandazi mkononi, Mama Chai kasimama kando na birika lake kubwa. Nikaingiza mkono sandukuni. Kwanza zikatoka tiketi za beti, mikeka minne, yote imechanika. Ganda la PK. Ombi la feni, limeandikwa kwa heshima nyingi na mtu ambaye tangu hapo ameshastaafu. Kisha nikakunjua kikaratasi kidogo, nikakisoma kabla akili haijafika:

"Hii mnayotunywesha si chai. Ni strungi iliyoonyeshwa ng'ombe kwa mbali."

Ua ukalipuka. Dereva mmoja akapaliwa na andazi, ikabidi apigwe mgongoni. Mama Chai hakucheka. Aliweka birika chini taratibu, akajifuta mikono kwa leso, akaja akasimama nyuma ya bega langu.

"Soma, mwanangu," akasema. "Soma tu."

Karatasi iliyofuata ilikuwa ya manjano. Kabla sijaikunjua yote, tumbo likanicheza. Katika ghala lile lote, karatasi ya manjano inatoka kitabu kimoja tu, cha hati za kutolea mizigo, na kitabu hicho hukaa mezani kwangu. Nilikuwa nimeiandika mwaka 2021 nikiwa na hasira, nikaisahau. Ilisema hivi:

"Kwa Mkubwa. Mwezi uliopita nilifiwa na shangazi. Nikakuomba siku tatu kwa WhatsApp. Tiki zikageuka buluu, jibu halikuja. Nikaenda Busia kuzika, niliporudi nikakuta nimekatwa mshahara wa siku tatu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mtu aliyetimiza miezi 12 kazini siku 21 za likizo yenye malipo. Mimi sikuomba zote. Pili, hujui majina yetu. Taniboi wa lori la kijani unamwita Wewe wa Kofia, na kofia yenyewe ilishaibwa Muthurwa zamani. Tatu, ukiimba chooni tunasikia. Ukuta ni wa mbao. Ule wimbo huuwezi."

Nikakohoa. "Kwa Mkubwa," nikaanza. "Mwandishi anatoa shukrani kwa... kwa likizo."

Kimya.

"Pia anasifu sauti."

"Sauti ipi?" mshauri akauliza, kalamu tayari.

"Sauti ya... ya wafanyakazi, kwamba inasikika."

"Baba, mbona unaruka?" Pumzi ya Mama Chai ilikuwa sikioni mwangu. "Hapa pameandikwa chooni."

Akaninyang'anya karatasi, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaisoma mwanzo hadi mwisho. Sikujua mama yule anasoma vizuri kiasi kile. Alipofika kwenye wimbo alipunguza mwendo. Kisha akaiinua juu, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti ya elfu.

"Na mwandiko huu naujua," akasema. "Hii K yenye mkia kama wa ngedere iko kwenye daftari langu la madeni. Mandazi 12, shilingi 240, tangu mwezi wa pili."

Macho yote kwangu. Nikakumbuka kwamba sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, inasema kabla hujafukuzwa kwa utovu wa nidhamu lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako kando yako. Nikawatafuta wenzangu kwa macho. Kila mwenzangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Mkubwa akainuka kwenye kiti. Uso umemwiva. Lakini badala ya kunijia, akatoa simu mfukoni.

"Mimi nilijibu," akasema. Na kwa jinsi alivyosema nikaona kwamba katika yote yaliyosomwa, lililomchoma ni lile la kutojibu. Akaanza kupekua, kidole kinapanda, kidole kinashuka, kama ile mishale ya asubuhi. Tukasubiri. Kwenye birika chai ikapoa, kama ni chai.

"Hii hapa! 'Pole sana kwa msiba. Chukua siku tatu.' Wewe si ndiye Ghala Mpya 2?"

Kumbe mimi nilikuwa Ghala Mpya. Tuliajiriwa mwezi mmoja, watu wawili, na hivyo ndivyo alivyotuhifadhi simuni miaka yote.

Kule nyuma ya lori mkono ukainuka polepole. Ni Wewe wa Kofia.

"Mkubwa, ni mimi," akasema. "Ulipoandika pole kwa msiba nilishtuka. Nikadhani una habari ambazo mimi sina. Nikapiga simu nyumbani Kitui kuuliza nani amekufa. Wakasema wote wazima. Sasa, mkubwa amekupa pole, amekupa siku tatu, utamwambia amekosea? Niliona nisikuvunjie heshima. Nikaenda."

"Ukafanya nini huko siku tatu?" mshauri akauliza.

"Nililima."

Sijawahi kuona watu wazima wakicheka vile. Soja aliliachia lango, pikipiki mbili zikajiingilia tu.

Mhasibu, ambaye vifungu vya sheria anavitafuna kama njugu, alitaka kuweka mambo sawa. Akasema mimi kukatwa kulikuwa halali kabisa, maana kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata siku ambayo mtu hakuja bila ruhusa.

"Lakini ruhusa ilikuwepo," mshauri akasema.

"Ilikuwepo Kitui," mhasibu akajibu.

Siku hiyo mishale haikurudi ukutani. Mkubwa alizunguka kreti hadi kreti na simu mkononi, akiuliza mtu mmoja mmoja jina lake na kuliandika, na mara mbili akauliza herufi. Hela zangu za siku tatu zilirudi na mshahara uliofuata. Wewe wa Kofia hakukatwa kitu, na siku hizi anaitwa kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe huchelewa kuitika. Msalani kumekuwa kimya. Wapo wanaosema wameanza kuukosa ule wimbo. Mimi simo.

Mama Chai nilimlipa 240 zake siku ile ile, mkononi, mbele ya mashahidi. Haikusaidia. Tangu hapo kikombe changu anakimiminia kutoka birika dogo la pembeni, jeusi, halijawahi kukutana na maziwa, na akinipa huniambia, "Shika, mwandishi." Nimemwapia kwamba lile la strungi si langu, atazame mwandiko. Anasema mtu akijua kuandika K ya aina moja anaweza kuandika ya pili.

Aliyeliandika namjua. Ni mhasibu. Kila saa nne analetewa mezani chai nzito ya maziwa na tangawizi, na kila akinywa funda la kwanza hunitazama, akafumba macho.